Wauguzi Wanaotangulia Biti

Jumatatu, 3 Juni

Dada ametangaza vita wakati wa chai. Anasema anaitaka stoo yake.

Stoo! Nimebandika trei za mayai ukutani kwa mikono yangu, nimeziba dirisha kwa godoro, nimeandika STUDIO mlangoni kwa rangi nyekundu, na bado anaiita stoo. Shida ni Shemeji, mume wake. Fremu ya duka lake la kushonea imebomolewa kupisha barabara. Tangu hapo cherehani iko sebuleni, vitambaa viko sebuleni, wateja wanapimwa viuno sebuleni. Jana Dada alikalia pini. Kwa hiyo studio yangu inatakiwa iwe chumba cha ushonaji.

Nikatetea sanaa. Dada akauliza sanaa gani, maana tangu nihamie kwake hajasikia wimbo hata mmoja ulioisha. Nikamwambia kazi nzuri haitaki haraka. Akasema basi nikaifanyie polepole nyumbani kwa mtu mwingine.

Shemeji ni mpole kupita kiasi, hagombani na mtu. Alichukua tu futikamba yake, akaingia studio eti kunisalimia, akapima ukuta wa dirishani, akanitakia kazi njema, akatoka.

Ila Mungu hamtupi mja wake. Dada ni muuguzi, na anaimba sauti ya pili katika kwaya ya wauguzi. Jumamosi ya wiki ijayo hospitali yao inafungua wodi mpya ya wazazi. Kwaya itaimba mbele ya mgeni rasmi. Wanataka mtu wa kuwatengenezea muziki na kuwarekodi, na walikuwa njiani kwenda kwa Kinyozi.

Kinyozi! Yule wa ng'ambo ya barabara, ananyoa mbele na kurekodi nyuma. Kila wimbo wake una mlio wa mashine ya kunyolea kwa mbali. Watu wanadhani ni staili.

Nimempigia Dada magoti. Tumekubaliana hivi: kwaya irekodi kwangu. Siku ya ufunguzi ikipita bila aibu, studio inabaki yangu na Shemeji ataezeka kibaraza cha nyuma. Aibu ikitokea, naondoka kwa miguu yangu mwenyewe, bila maneno. Nilikubali haraka kabla hajafikiria vizuri.

Jumanne, 4 Juni

Muziki wa kwaya umekamilika. Nimeusikiliza nikapata baridi mwilini.

Kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa mtu mashuhuri, nieleze kinanda changu. Ni kinanda cha midi. Chenyewe bubu. Ukikibonyeza hakitoi sauti, kinapeleka taarifa tu kwenye kompyuta: huyu kabonyeza hapa, kwa nguvu hii, sasa kaachia. Kompyuta ndiyo inatengeneza sauti na kuitoa kwenye spika. Kwangu mimi inachukua muda. Unabonyeza, unasubiri, ndipo sauti inatokea, kama mtu aliyeitwa akiwa chooni.

Zamani haikuwa hivi. Ilitoka papo hapo, lakini kwa kukwaruza. Nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta mahali panaitwa bafa. Ni kama ndoo: kompyuta inajaza sauti humo kwanza, ndipo inaimwaga. Palikuwa na ukubwa wa kuchagua. Nikachagua kubwa kuliko zote. Katika maisha yangu sijawahi kuona mtu aliyepewa kubwa akaomba ndogo. Kukwaruza kukaisha. Sauti ikaanza kuchelewa, lakini mimi si mtu wa kubabaishwa na mashine. Nikajifunza kubonyeza mapema. Sasa vidole vyangu vinatangulia vyenyewe bila kuambiwa. Nimekuja kuamini kwamba hiki ni kipaji.

Kitabu cha maelekezo ninacho. Kimekaa chini ya mguu mfupi wa meza na kinafanya kazi nzuri.

Jioni nilimkuta Kinyozi mlangoni kwake akipunga upepo na taulo. Akaniuliza kama ni kweli wauguzi wanakwenda kurekodi stoo. Nikajitia sikusikia.

Jumatano, 5 Juni

Wamekuja. Nilisahau kwamba kwaya ni watu wengi. Walijipanga mpaka wengine wakawa mgongo kwa mgongo na kabati. Mmoja alibandua trei ya mayai ukutani akajipepea nayo. Sikuthubutu kumkataza, kwa sababu kiongozi wao ni Matroni.

Matroni ni mama mfupi mwenye sauti ndogo ambayo hakuna mtu amewahi kuomba airudie. Alisimama mbele, akawatazama, wakanyamaza. Akanitazama mimi. Nikanyamaza pia, ingawa nilikuwa nimeshanyamaza.

Tukarekodi. Waliimba vizuri, kusema ukweli. Nikabonyeza kitufe wasikilize. Hapo ndipo mambo yalikwenda mrama. Muziki ulikuwa mbele, wauguzi nyuma. Kila neno lilifika muziki ukiwa umeshaondoka. Wimbo mzima ulisikika kama watu wanaokimbilia basi.

Matroni akauliza nani kachelewa.

Ningeweza kusema sijui. Nilisema ni wauguzi. Chumba kikapoa licha ya lile joto. Matroni akasema, taratibu, kwamba wauguzi wake waliwahi kuingia zamu siku ya mafuriko wakiwa wamebeba viatu kichwani, na hakuna aliyechelewa. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba kompyuta haina sababu ya kusema uongo.

Tukarudia. Wakachelewa vilevile. Sauti ya kwanza wakaanza kuwalaumu sauti ya pili. Sauti ya pili wakasema kuna mtu anavuta pumzi kama anainua gunia. Dada alinitazama tu kwa lile jicho la tangu utotoni. Katikati ya hayo Shemeji aliomba njia, akapita baina yao na futikamba, akapima kuanzia mlangoni mpaka kiunoni kwa Matroni, akaomba radhi, akatoka.

Wamesema watarudi Ijumaa. Matroni amesema atarudi pamoja nao, na alivyolisema hilo sikulipenda.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda kunyoa kwa Kinyozi. Nywele hazikuwa shida. Nilikwenda kupeleleza.

Hata sijakaa vizuri kitini, akaniuliza mbele ya wateja wote kama kweli wauguzi wameimba nyuma ya biti. Habari za mtaa huu zina miguu. Kisha, huku kanikamata kichwa nisiweze kukimbia, akatoa mhadhara. Alisema kosa si la waimbaji. Bafa ikiwa kubwa, sauti inachelewa kutoka na inachelewa kuingia, na kompyuta inaiandika mahali ilipofika badala ya mahali ilipoimbwa. Dawa ni kupunguza bafa, halafu kwenye mipangilio kuna kisanduku cha fidia: ukikiwekea alama, kompyuta inapima imechelewa kiasi gani na kuisogeza sauti mbele kiasi hichohicho.

"Au wewe hujakiona hicho kisanduku?" akauliza.

Nikamwambia nilikiona zamani sana, nikakipita. Wateja wakacheka. Mzee mmoja alicheka mpaka akahitaji kusaidiwa. Kinyozi akaniachia kichwa kikiwa kifupi upande wa kushoto kuliko kulia, na akasema ni mtindo.

Nimerudi nyumbani na uamuzi. Kile kisanduku sitakigusa. Nikikigusa na mambo yakanyooka, kesho mtaa mzima utasema kanifundisha yeye. Ningeweza pia kuzikamata sauti kwa kipanya na kuzivuta mbele moja moja. Lakini huo ni udanganyifu, na mimi ni msanii.

Nikakaa kwenye kiti, nikaanza kuchezesha vidole mezani, na wazo likanijia lenyewe. Vidole vyangu vilijifunza kutangulia. Wauguzi wana akili kuliko vidole.

Ijumaa, 7 Juni

Siku tukufu.

Niliwaambia wauguzi kwamba ile juzi lilikuwa jaribio, na kwamba sasa wako tayari kwa mbinu ya watu waliobobea. Inaitwa kutangulia. Msiimbe mnapoisikia biti, nikawaambia. Imbeni mnapohisi inakuja. Biti ni mgeni, ninyi ndio wenyeji, na mwenyeji hamngoji mgeni agonge ndipo akatafute kiti.

Nilitegemea Matroni atanifukuza nyumbani kwetu. Badala yake macho yake yaliwaka. Akasema ndivyo uuguzi ulivyo. Muuguzi anayengoja mgonjwa aanguke ndipo amshike si muuguzi, ni shahidi. Akachukua rula ya Shemeji akaanza kuwapigia mezani. Akiona mdomo umechelewa, anamtaja mwenye mdomo kwa kitengo chake: "Wodi ya macho, unalala!"

Kufikia jioni walikuwa moto. Sijawahi kuona watu wenye nidhamu namna ile. Tukarekodi, nikabonyeza kitufe, na sauti na muziki vikakaa pamoja kama kofia na kichwa. Wauguzi walipiga makofi. Makofi nayo yalianza kabla wimbo haujaisha.

Dada alinishika bega wakati wa kutoka. Shemeji alikunja futikamba akaitia mfukoni, akaniuliza kwa upole mabati ya kibaraza yanapatikana wapi.

Nimefurahi. Nayaandika haya bila aibu. Nimefurahi sana.

Jumapili, 9 Juni

Nimegeuza spika zitazame barabarani na kuupiga wimbo wa wauguzi tangu asubuhi. Kinyozi alitoka na mkasi mkononi, akasikiliza mpaka mwisho. Akakiri umekaa sawa. Akauliza kama niliweka ile fidia. Nikamwambia fidia yangu ina miguu na inavaa sare nyeupe. Akakuna kichwa cha mteja wake akidhani ni chake.

Jambo dogo tu. Mchana tukiwa mezani, Dada alisema "asante, nimeshiba" kabla Shemeji hajamuuliza kama anaongeza. Baadaye simu ikalia, akaipokea, akasema "haya, kwaheri" ndipo akasikiliza.

Anasema hata kazini wamekuwa hivyo. Wanampa mgonjwa pole kabla ya sindano, na wagonjwa wanapenda, wanasema huduma imeboreka. Matroni naye jana alimjibu daktari maswali mawili ambayo daktari alikuwa hajayauliza. Yote aliyapata. Daktari amekwenda nyumbani mapema.

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, sijui kwa nini.

Jumanne, 11 Juni

Sasa najua kwa nini.

Leo yalikuwa mazoezi ndani ya wodi mpya. Vitanda vipya vyenye nailoni, rangi inanuka, utepe umeshafungwa mlangoni. Niliuleta muziki mtupu kwenye flashi, bila sauti zao, ili waimbe wenyewe juu yake. Nikaichomeka kwenye spika za hospitali.

Wauguzi wakaanza, muziki ukafuata. Walikuwa mbele yake kwa kila neno. Walimaliza ubeti, wakafunga midomo, na muziki ukamalizia nyuma yao peke yake kwa unyonge.

Hapa hapakuwa na kompyuta yangu ya kuwachelewesha. Nilikuwa nimeimba sifa za kutangulia, na wao wametangulia kweli.

Matroni akageuka. Nikasema spika za hospitali zinachelewa. Akamwita fundi wa umeme wa hospitali, fundi akasema spika ni waya tu, hazina pa kuchelewea. Nikawaomba waimbe kawaida. Wakajaribu. Nusu wakaimba kawaida, nusu wakatangulia, na mmoja akakaa katikati analia. Matroni akasema aliyefundishwa kafundishwa, yeye hawezi kumwambia muuguzi ajifunze kuchelewa siku chache kabla ya mgeni rasmi.

Nikapata akili. Kama wao wako mbele, nami nitauwahisha muziki. Nikaanza kuuanzisha mapema zaidi. Ulipokuja mapema, nao waliuhisi mapema, wakatangulia tena. Nikauwahisha, wakatangulia. Tulifukuzana hivyo mpaka wimbo wa kukaribisha watoto duniani ukawa unakimbia kama mtu aliyeiba kuku.

Tulipofika getini Dada akanikumbusha makubaliano yetu, neno kwa neno. Nilipoingia studio nikakuta vitambaa vimekunjwa vizuri juu ya kinanda. Shemeji alisema ni kwa muda tu, kuna mteja ana watoto wenye mikono michafu.

Jumatano, 12 Juni

Kinyozi amekuja nyumbani. Kwa miguu yake, hadi sebuleni, akakalia kitambaa cha mtu. Amesikia yaliyotokea, nani hajasikia? Ametoa msaada. Wauguzi waende kwake, wapige mazoezi na mashine isiyochelewa, watazoea biti ya kweli kabla ya Jumamosi. Hataki chochote. Akanitazama akasema "haraka haraka haina baraka", akajiona kasema jipya.

Dada alisema ni wazo zuri. Akaniuliza mimi naonaje.

Nilitaka kukubali. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini nikaviona vitu vyangu kupitia mlango ulio wazi, kinanda, spika, trei za mayai, na lile neno STUDIO nililoliandika mwenyewe. Kwingine kote mimi ni mdogo wake Dada, yule anayekula hapa. Mle ndani watu wananiita prodyuza. Wauguzi wakienda kwa Kinyozi, hata siku ya Jumamosi ikipita vizuri, itakuwa imepita vizuri kwake. Niliogopa.

Nikasema asante, lakini tatizo nimeshalitatua.

Ilikuwa uongo niliposema. Haikukaa uongo kwa muda mrefu. Nilikwenda kuoga, na katikati ya sabuni jibu likaja. Wauguzi wanatangulia muziki. Kwa kiasi gani? Kwa kiasi kilekile ambacho kompyuta yangu inachelewesha, ndicho nilichowazoesha. Kwa hiyo siku ya Jumamosi nitaipeleka kompyuta yangu hospitalini, maikrofoni zote zipitie humo, na bafa ibaki kubwa kuliko zote. Watatangulia, kompyuta itawachelewesha, na kwenye spika watafika sawasawa na muziki.

Nimetoka bafuni na povu masikioni kumweleza Dada. Akaniuliza nina uhakika. Nikala kiapo.

Ijumaa, 14 Juni

Nimejaribu mitambo. Nilimsimamisha Shemeji kwenye maikrofoni, nikamvisha hedifoni ajisikie anavyotoka, nikamwambia ahesabu.

Akasema moja. Ile moja ikamrudia masikioni akiwa ameshaanza mbili. Akasita kuipisha. Akasema mbi, akasikia mbi, akasema mbi tena. Ulimi ukamfunga. Akavua hedifoni taratibu, akakaa chini, akasema anajisikia kama mtu aliyelewa na kuna mtu anamwigiza.

Nimehitimisha kwamba washonaji hawajazoea kujisikia wakizungumza. Wauguzi hawatakuwa na shida hiyo.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika nikiwa nimekaa juu ya sanduku.

Ratiba ilikuwa hotuba, wimbo, kisha utepe. Sikuwa nimefikiria hotuba. Maikrofoni ya mgeni rasmi nayo ilipita kwenye kompyuta yangu, kwa sababu waya wote ulipita huko, na ningejuaje.

Mgeni rasmi ni mzee mnene anayejulikana kwa hotuba ndefu. Watu walikuja na mito ya kukalia. Daktari mmoja alileta gazeti na miwani. Mzee akapanda, akakohoa, akafungua bunda la karatasi, akasema mabibi na mabwana. Spika zikamrudishia "mabwana" wakati yeye anaanza kuwashukuru. Akanyamaza kumpisha aliyesema. Aliyesema akanyamaza. Akaanza upya, akakutana na nafsi yake tena. Akatazama nyuma ya pazia kama kuna mtu. Akajaribu kusema neno moja moja, halafu nusu nusu, akazama katikati ya neno "miundombinu" akashindwa kutoka. Jasho likamtoka. Karatasi zikaanguka. Mwishowe alisema wodi ni nzuri, asante, akakaa.

Sijawahi kusikia makofi kama yale. Watu walisimama. Daktari hakuwa hata amefungua gazeti. Mwenyekiti wa hospitali alinong'ona kwamba katika maisha yake yote hajaona hotuba iliyomgusa vile. Nikadhani nimenusurika.

Kisha kwaya ikasimama.

Kwenye spika, nasema ukweli, walikuwa sawa na muziki. Hesabu zangu hazikuwa na kosa. Lakini wauguzi hawakuwa ndani ya spika, walikuwa wamesimama pale mbele za watu, na vinywa vyao vilisikika vyenyewe. Kila neno likaja mara mbili. Karibu, karibu. Mtoto, mtoto. Na wao wenyewe, kwa kujisikia wakija nyuma, wakaanza kujingojea. Wimbo ukavutika kama ulimbo. Wodi ya macho ikapotea kabisa. Mgeni rasmi alikuwa kashika mkasi wa utepe hewani, hajui akate au angoje.

Dada alikuwa anaimba na machozi yanamtoka. Hakuwa ananitazama. Afadhali angenitazama.

Matroni alitoka kwenye mstari. Alitembea bila haraka mpaka kwenye meza yangu, akauangalia waya wa umeme kama anavyoangalia mshipa wa mgonjwa, akauchomoa. Kompyuta ikafa, spika zikafa. Kimya. Akarudi mahali pake, akainua mkono, na wauguzi wakaanza wote pamoja, kwa pumzi moja. Hapakuwa na biti ya kutangulia, kwa hiyo hakuna aliyetangulia.

Waliimba vizuri kiasi kwamba nilisahau kuwa nimeangamia. Mgeni rasmi alifuta macho kwa mkono wenye mkasi, watu wakashtuka. Utepe ukakatwa.

Nyumbani Dada hakufoka. Nilijiandaa kwa kufoka, nilikuwa na majibu. Alisema tu, "Mdogo wangu, tulikubaliana." Nikaenda kukusanya vitu.

Shemeji alinisaidia kubandua trei za mayai. Alizibandua moja moja, bila kuchana hata moja, akazifunga kwa kamba vizuri, akasema huenda nitazihitaji niendako. Kisha akasema samahani. Yeye ndiye aliyesema samahani. Nilitoka nje kidogo kwa sababu ya vumbi.

Jumatatu, 17 Juni

Nimehamia kwa Kinyozi.

Alikuja mwenyewe Jumapili na mkokoteni, akapakia sanduku langu na kinanda bila kuuliza. Kanipa pembe nyuma ya duka, kuna kitanda na ndoano ya nguo, nywele kidogo sakafuni. Anasema yeye hana muda, anyoe na arekodi, kwa hiyo nimsaidie upande wa muziki. Sharti ni moja: nisiguse mipangilio. Amenifanya niape mbele ya wateja, na yule mzee aliyecheka ndiye shahidi.

Leo nimekikalia kinanda. Mashine yake ni mbovu kabisa! Ukibonyeza, sauti inatoka hapohapo, haikupi hata nafasi ya kufikiri. Nikapiga na biti ya ngoma aliyoitengeneza, na kila nilichopiga kikawa mbele. Kinyozi akachungulia kutoka mbele, mashine ya kunyolea inalia mkononi, akasema niache kutangulia, nibonyeze ninapoisikia biti. Rahisi kusema. Kipaji hakizimwi kama taa.

Nimewaza mchana kutwa. Mashine yake hatakubali iguswe. Vidole vyangu haviwezi kushushwa daraja. Kwa hiyo katika chumba hiki kuna kitu kimoja tu kinachoweza kubadilika, nacho ni waimbaji.

Kesho inakuja kwaya ya walimu, watarekodi wimbo wa mahafali. Nimemtumia ujumbe kiongozi wao waje mapema kidogo, kuna zoezi fupi la mbinu nataka kuwapitisha kabla Kinyozi hajafungua duka. Kuhusu kiapo changu, nimekitafakari na dhamiri yangu ni safi. Niliapa kutogusa mipangilio. Walimu hawakutajwa.